Mstari Kwenye Ugali

Mwaka nilipofikisha kilo tisini na sita nilianza kusali juu ya kiti. Goti la kulia lilikataa kwanza, la kushoto likaliunga mkono, na mimi, mwalimu wa shule ya msingi, mjane wa miaka hamsini na miwili, mzaliwa wa Ujiji, nikawa navuta kiti cha jikoni mpaka sebuleni mara tano kwa siku, nakiweka juu ya mswala na kuinama hewani. Wengi wanasali hivyo na hakuna ubaya. Mimi nilichukia. Tangu nikiwa binti nilizoea kuweka paji la uso chini, na pale chini ndipo nilipokuwa nikisema mambo yangu. Juu ya kiti nilijiona kama mtu anayesalimia kupitia dirisha.

Daktari wa hospitali alikuwa kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Moshi, bado analalamikia joto la Kigoma. Alinibonyeza magoti, akanipandisha kwenye mizani, akasema dawa hakuna, dawa ni kupungua.

"Mwalimu, ukifika themanini na tano utapiga magoti bila kuniuliza."

Akaniandikia kwenye karatasi vitu vya kuacha: sukari, maandazi, chapati, sembe, soda. Chini yake akaandika vya kula, yaani chakula kama kilivyotoka shambani na ziwani. Mihogo, viazi vitamu, maharage, mboga za majani, matunda, samaki, ugali wa dona au wa muhogo. Nikamwambia hivyo ndivyo alivyokula bibi yangu, na alikuwa mwembamba mpaka tunamzika. Akasema basi, kula kama bibi.

Nilirudi nyumbani nimekaza uso. Sukari yote nikaigawa. Mama aliyekuwa akiniletea maandazi kila asubuhi nilimwambia asipite tena kibarazani kwangu, akadhani nimemkasirikia, tukakaa wiki mbili tunasalimiana kwa mdomo wa pembeni. Migebuka ya ziwani niliyonunua kwenye soko la samaki la Kibirizi nikawa naichoma badala ya kuikaanga. Mawese niliyapima kwa kijiko, na mtu yeyote wa Kigoma atakwambia hiyo ni adhabu.

Wiki ya tatu ya adhabu yangu akaja mgeni.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, boti zinatua Kibirizi zimejaa watu badala ya dagaa. Wengi walipelekwa kambini. Wachache wenye ndugu mjini walijibanza kwa ndugu, na nyumba ya ndugu ikijaa, kwa jirani wa ndugu. Mimi nilikuwa jirani wa ndugu. Nyuma ya nyumba yangu aliishi mama mmoja wa kutoka ng'ambo ya ziwa, katika chumba kimoja na watu tisa, na wa kumi akaja: mtoto wa kaka yake, binti wa miaka ishirini na kitu kutoka upande wa mji wa Baraka, hukohuko ng'ambo, ana mtoto mchanga mgongoni na sufuria moja mkononi. Yeye na mumewe walipotezana siku ya kukimbia. Chumba changu cha uani kilikuwa kitupu tangu wanangu wahame, nikasema aje.

Alikuwa amekonda hadi khanga inamzunguka mara mbili. Mtoto alinyonya akiachia na kulia, maana maziwa hayakutosha. Siku ya kwanza tulikaa mkekani, sinia moja kati yetu, ugali wa muhogo na kisamvu, ambacho yeye alikiita sombe. Alikula matonge matatu. Mimi, nikimkumbuka daktari, nilikula matano, nikanawa. Naye akanawa papo hapo.

"Kula, mwanangu."

"Nimeshiba, mama. Asanti sana."

Hakuwa ameshiba. Macho yake yalibaki kwenye sinia.

Siku ya pili ikawa vilevile. Siku ya tatu nilimchunguza kwa jicho ninalotumia kwenye chumba cha mtihani, nikaona. Mkono wangu ukienda, wake unaenda. Wangu ukisimama, wake unasimama. Kwetu mwenye nyumba hanawi kabla ya mgeni wake. Adabu hiyo nilifundishwa kabla sijajua kusoma, na nilikuwa nimeivunja mbele ya mwanamke anayenyonyesha, kwa sababu ya karatasi. Niliona aibu sana.

Basi nikala. Kila mlo nilihakikisha mkono wangu hauondoki siniani mpaka yeye ashibe kweli. Nilijaribu ujanja. Nilimega vitonge vidogo mno na kuvitafuna hadi vikaisha ladha. Nilijifanya natoa miba ambayo haikuwepo. Lakini mkono ukishakuwa siniani una mambo yake, na yule binti alipoanza kupika mwenyewe nikawa sina ujanja tena. Majani aliyatwanga mpaka yakalainika kabisa, na mawese hakuyapima kwa kijiko wala hakujua kama duniani kuna watu wanaoyapima.

Baada ya kula kulikuwa na shughuli ya kuninyanyua. Kukaa chini niliweza, kwa kujiachia tu. Kuinuka ndiyo ilikuwa kazi. Alisimama mbele yangu, akanishika mikono yote miwili, akasema, "Haya mama, moja, mbili," na kabla ya tatu nilikuwa juu, magoti yakilia. Mwembamba vile, nguvu sijui alizitoa wapi. Tatu yenyewe sikuwahi kuisikia.

Kila mwezi, siku ya kliniki, tulikwenda zahanati pamoja. Mtoto alitundikwa kwenye ile mizani ya kuning'inia, anarusha mateke, na nesi akaweka nukta kwenye kadi yake. Kisha mimi nikapanda mizani ya wakubwa iliyokuwa kando. Mwezi wa kwanza nukta ya mtoto ilipanda, nami nikashuka kilo moja. Nilitembea kurudi nyumbani najiona binti. Mwezi wa pili nukta ilipanda tena na mimi nikabaki palepale. Mwezi wa tatu mtoto alikuwa na mashavu, mama yake naye shingo imejaa, na mimi nimepungua nusu kilo.

Nusu kilo! Nilivua viatu nikapanda tena. Nikavua bangili. Nikavua khanga ya juu, nikamkabidhi binti aishike. Nusu kilo ileile. Nikamwambia nesi mizani yake mbovu. Nesi akapanda mwenyewe, akasoma, akasema iko sawa, yeye mwenyewe imemwambia ukweli wake mchungu.

"Mwalimu, kwani unakula nini?"

Nikamtajia. Mihogo, maharage, matembele, migebuka ya kuchoma, mapapai. Sukari sijaigusa tangu nilipoiacha. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Unakula vizuri kuliko mimi. Subiri tu."

Hilo neno subiri lilinichoma. Nimewaambia watoto wa watu wasubiri kwa miaka karibu thelathini, sikujua linauma kiasi kile.

Mtaani nako hawakunisaidia. Miaka ile mtu akikonda ghafla watu walishusha sauti akipita, wakidhani ni ule ugonjwa. Kwa hiyo kutopungua kwangu kuliwapa majirani raha. "Alhamdulillahi, Mwalimu, mwili wako uko palepale!" alinisifu yule mama wa maandazi, ambaye tulikuwa tumeshapatana. Nikamshukuru, nikaingia ndani, nikafunga mlango kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Mwezi wa nne nilikuwa nimeongezeka. Ile nusu kilo ilikuwa imerudi kwangu. Sababu niliijua, nilikuwa nakaa nayo mkekani kila siku. Na kila nilipotaka kuisema nilimwona mtoto ananyonya bila kulia, na nikajiambia bora niendelee na kiti. Siku ile kiti kilinishinda. Nilisali adhuhuri huku machozi ya hasira yananitoka, kisha nikaenda kukaa mbele ya sinia. Ugali, maharage, mgebuka mmoja mkubwa. Nikala, nikashiba, nikaendelea kula, na ghafla nikasukuma mkono pembeni.

"Mwanangu, leo nimechoka. Mimi nashiba mapema. Nakula kwa ajili yako tu, usione haya. Magoti yananiua na mizani haishuki kwa sababu ya sinia hili."

Yalipokwisha kutoka nilitamani kuyarudisha. Mtu amekimbia kwao na sufuria moja, halafu wewe unamlaumu kwa ugali! Alitua tonge alilokuwa ameshika, akanitazama, nikasubiri alie. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka mtoto mgongoni akaamka.

"Mama, miye nashibaka zamani! Ile siku za kwanza tu ndiyo niliogopa. Miezi hii yote nilikuwa nakula kwa ajili yako weye."

"Kwa ajili yangu?"

"Ndiyo. Kwetu mtoto hanawake kama mukubwa bado anakula. Ninamuona mama anamega, na miye ninamega. Nasema moyoni, huyu mama anapendaka kula, nisimuache peke yake. Tumbo linauma, nakula tu."

Nilimwangalia, nikaliangalia sinia. Miezi minne! Wanawake wawili wazima, kila mmoja ameshiba, tunalishana kwa adabu. Nilicheka mpaka nikalala chali mkekani, na siku hiyo moja, mbili haikutosha, ilibidi aanze tena.

Kesho yake tulijaribu sahani mbili. Tulikula kimya, kama wagonjwa wodini, na siku ya tatu akarudisha sinia bila kuniuliza. Ila alipopakua ugali alichukua mwiko akachora mstari juu yake. Sehemu ndogo ilikuwa yangu. Kubwa ilikuwa yake na ya maziwa ya mtoto. Nikimaliza ya kwangu nilikaa, nikapiga hadithi, naye akala mpaka mwisho bila wasiwasi. Mara nyingine kipande cha samaki kilivuka mstari kuja upande wangu. Nililalamika kwa mdomo tu.

Je, nilipungua? Nilipungua kwa mwendo wa kinyonga, mwezi kilo moja, mwezi nusu, mwezi hakuna kitu. Niliendelea kugombana na mizani kila siku ya kliniki. Siku nyingine zote, kusema kweli, nilikuwa na raha. Nyumba ilikuwa na mtoto anayetambaa, uani kuna mtu anatwanga, na jioni kuna wa kunisikiliza nikiwasema walimu wenzangu.

Mtoto alipoanza kusimama kwa kushika kiti changu cha kusalia, habari ikafika. Mtu wa kwao aliyetoka kambini alisema mumewe yu hai, yupo kule, kila lori likiingia anakwenda kulitazama. Binti alidondosha mwiko. Mimi nilipiga vigelegele hadi shangazi yake akaja mbio kutoka nyuma. Nilifurahi, na furaha yangu ilikuwa ya kweli. Nilimfungashia unga wa muhogo, dagaa, na chupa ya mawese, nikamsindikiza hadi Mwandiga kupanda gari. Tulikuwa tumekaa kwenye jiwe tukisubiri, na gari lilipokuja alimfunga mtoto mgongoni, akanishika mikono, moja, mbili. Nikawa juu. Akapanda.

Siku iliyofuata nilisonga ugali, nikapakua, nikachora mstari. Ndipo nikaona nilichofanya. Nikala upande wangu. Upande wa pili nikaupeleka kwa shangazi yake.

Mwezi huo nilipungua kilo tatu. Nesi alipiga makofi, akawaita wenzake waje waone. Akaniuliza nimefanya nini safari hii, nikasema sijafanya kitu. Nilikuwa na kilo themanini na tisa. Themanini na tano ya daktari sikuwa nimeifikia, na mpaka leo sijaifikia.

Adhuhuri ya siku hiyo kiti nilikiacha jikoni. Nilitandika mswala, nikasimama, nikarukuu, na ilipofika zamu ya kwenda chini nilikwenda polepole, nimeshika ukuta. Magoti yakalia, yakakubali. Paji la uso likagusa chini. Nilikuwa nimejiandaa kushukuru kwa magoti yangu, kwa mizani, kwa mwaka mzima wa mihogo na matembele. Nilipofika pale nikajikuta namwombea yule binti popote alipo ashibe, na awe na mtu wa kula naye.

Nikakaa hapo chini kwa muda mrefu. Halafu nikasema mwenyewe, moja, mbili, nikainuka.