Nyumba Imepata Mwenyewe

Admin, nifichie jina langu. Mtaa wetu wa Kibokoni ni mdogo na kila baraza ina masikio.

Mimi ni bi harusi! Najiambia hivyo hata nikiwa peke yangu jikoni, kisha nacheka. Nina miaka ishirini na minne, nimesoma mpaka kidato cha nne, na hina ya harusi bado haijafifia mikononi. Mume wangu, jamani! Akitoka kazini bandarini hupitia sokoni Marikiti aniletee embe moja tu, amelichagua kama anayechagua dhahabu. Huniita "roho". Nikisikia anapanda ngazi, moyo wanienda mbio. Nampenda mpaka naogopa.

Tunakaa nyumba ya kwao, sisi juu. Chini analala mavyaa wangu, mamake mume, aliyepigwa na kiharusi zamani. Hasemi, wala hageuki bila kugeuzwa. Anayemtunza ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu.

Siku ya harusi kila mtu alinipongeza kwa neno moja: "Hongera, nyumba imepata mwenyewe!" Vigelegele vikapigwa. Nikavimba kichwa, nikadhani maana yake nimekuwa bibi wa nyumba. Wifi peke yake hakulisema. Alinishika mkono, akaupapasa taratibu, kama anayeupima nguvu.

Fungate ilipokwisha, akaniita chini. "Njoo nikuonyeshe kumgeuza mama." Nikainama kumbeba. "Si hivyo, utajivunja mgongo kama mimi. Piga goti kwanza." Ndipo nikaona amejifunga leso kiunoni, imemkaza mpaka anapumua kwa shida.

"Wifi, umekwenda hospitali?"

"Nikienda, nani akae na mama?"

Baadaye akaja mama wa afya wa mtaa kumpima mavyaa presha. Nikamwomba amtazame na wifi. Akasema bila ubaya wowote, "Huyu si mgonjwa wangu, mwanangu. Huyu ndiye mwenyewe."

Wifi akacheka. Sikukipenda kicheko kile. Mgeni alipotoka, akanieleza. Alikuwa ameolewa mtaa wa Majengo, ana raha zake. Mama alipoanguka, akaja kumwangalia kwa siku chache tu. Majirani wakasema, alhamdulillahi, mgonjwa amepata mwenyewe. Siku hazikuisha. Mumewe alingoja, akachoka, akampa talaka.

"Nikaenda serikalini kuomba msaada," akasema. "Afisa kijana, mwenye adabu zake. Akaniuliza, mama ana mtu? Nikamwambia, ana mimi. Akasema, basi, bibi, tuwaangalie kwanza wasio na mwenyewe. Nikamuuliza, na mimi je, nina nani? Akasema kwa anayetunza wake hakuna fungu, huo ni wajibu."

Jumapili mume wangu alinipeleka Mama Ngina kupunga upepo wa bahari. Tukala mihogo ya kukaanga, akanifuta pilipili kidevuni kwa kidole chake, nikayeyuka. Kisha akasema, "Roho, tangu uje sina wasiwasi na mama tena. Ile kazi ya kufundisha chekechea uliyoahidiwa, ingoje kidogo."

"Kidogo mpaka lini?"

"Mpaka tuone."

Alisema kwa mapenzi, wallahi. Lakini niliuweka muhogo chini. Hizo ndizo siku chache za wifi, zimeanza na mimi.

Juzi nikamkuta wifi anakunja nguo zake na kuzitia mkobani. Akaniambia bila kugeuka, "Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, naondoka. Usimwambie mumeo. Akijua atalia, na akilia ntabaki."

"Waenda wapi?"

"Kulala."

"Kulala wapi, wifi?"

Alimpangusa mama mdomo, akambusu kwenye paji la uso, akaendelea kukunja nguo. Tangu hapo ni mpole kupita kiasi. Amenigawia dhahabu yake ndogo. Ananifundisha uji uwe mwepesi vipi, dawa ipi isagwe, mama akikunja uso anataka nini. Mume wangu anatuona pamoja, anafurahi: "Mashallah, mwapendana kama ndugu wa tumbo moja!"

Ndugu zangu, hasa nyinyi mnaotunza wazazi, kuna mlango wowote wa serikali wa kugonga kwa ajili ya mtu kama wifi? Wa kumpa japo mtu wa kumshikia zamu, atibiwe mgongo, alale usingizi wa haki? Au mpaka naye aanguke ndipo aitwe mgonjwa?

Na mume wangu nimwambie? Nikisema, namfungia wifi mlango kwa mikono yangu mwenyewe. Nikinyamaza, sijui huko anakokwenda kulala ni wapi, na neno lile la "kulala" linanitia hofu.

Ijumaa ni kesho. Nishaurini sasa hivi, nifanye nini? Buibui lake keshalipiga pasi.