Milioni Moja na Laki Mbili za Geum-ok

"Usinizungushe, mdogo wangu! Soko la hisa limerudi palepale. Lilianza mia, limeishia mia. Sasa hela yangu imeenda wapi?"

Kijana wa kaunta ya kampuni ya hisa, Yun-gyeol, akanywea kwenye kiti. Geum-ok anashona nguo soko la Daegu, na sauti yake imezoea kushindana na cherehani. Alikuwa ameweka won milioni kumi na nane kwenye mfuko wa uwekezaji wa kinyume mara mbili, ule ambao siku soko la hisa likishuka moja kwa mia, wenyewe unapanda mbili. Sasa zimepungua milioni moja na laki mbili, na Ijumaa mwenye kibanda kipya anachotaka kukodi anadai amana yake yote.

"Bosi, kwani lile somo la lazima uliliangalia?"

"Nilimaliza! Cheti si ninacho?"

"Sijauliza cheti, bosi. Nimeuliza kama uliliangalia."

Bila somo lile la saa nzima huruhusiwi kununua mfuko huo, na pale sokoni kila mtu analimaliza kwa mtindo mmoja: simu inalazwa kifudifudi kwenye kapu la vitambaa, sauti imezimwa, mtu anaendelea kupinda suruali. Chae-sim, muuza vifungo wa jirani, alilimaliza akiwa anakula tambi.

Mwingine angeondoka amenuna. Geum-ok akachomoa chaki ya kushonea mfukoni, akavuta karatasi.

"Haya, nionyeshe. Polepole, na usijifanye profesa."

"Tuseme wewe una mia, soko nalo mia. Siku ya kwanza soko likaanguka mpaka tisini. Kumi kwa mia hiyo. Wewe?"

"Mara mbili. Ishirini. Nina mia na ishirini. Si unaona? Nilikuwa napata!"

"Ulikuwa. Kesho yake soko likatoka tisini likarudi mia. Limepanda ngapi?"

"Kumi."

"Kumi ya tisini, bosi. Hiyo ni kumi na moja kwa mia, na ushee."

Chaki ikasimama. "Kwa hiyo mimi nakatwa ishirini na mbili... ya mia na ishirini?"

"Enhee."

Akapiga hesabu huku midomo inacheza. Ishirini na sita na ushee zimeondoka. Zimebaki tisini na tatu.

"Mungu wangu! Hakuna aliyeniibia!" Akacheka, kisha akakunja uso. "Kumbe hiki kitu kinapima siku mojamoja. Mimi nimekaa nacho miezi mitatu kama kabichi ya kimchi inayochachuka mtungini!"

"Ni cha kuingia na kutoka, bosi. Soko likiyumba, kinaliwa hata kama mwisho linarudi."

"Na nikisubiri lianguke tena?"

"Labda utapata, labda kitaliwa tena. Ijumaa haitakusubiri."

Akauza mfuko wote palepale. Kesho yake akauza na cherehani yake ya pili, ile ya kufunga pindo, akajazia pengo. Kibanda akakipata. Sasa pindo anafunga kwa mkono, vidole vimejaa matundu ya sindano, na ukimuuliza anakuchorea hesabu ile kwenye kitambaa chako bila hata kukuomba ruhusa.

Na wewe unayeushikilia mfuko kama huo mwezi wa pili sasa, acha kujidanganya. Fungua simu, rudia somo lote na sauti ikiwa juu. Ukishindwa kuieleza hesabu yake kwa mdomo wako, uza. Leo.