Papai Nililodaka Golini

Jumapili iliyopita nilikuwa sebuleni kwangu hapa Tangini nachambua mchicha, mwanangu kajilaza kwenye kochi na simu yake. Anafuatilia ligi moja ya ughaibuni ambako timu inayoshika mkia ndiyo inayochagua kwanza vijana wapya wa msimu unaofuata. Timu yake inafungwa kila wiki, naye anafurahi! "Mama, hizi mechi zilizobaki bora wafungwe tu," akaniambia. "Mwakani si watapata mtu wa maana?" Nikaweka ungo chini. Mwanangu, nikamwambia, hayo usinifundishe mimi. Mimi niliombwa nifungwe makusudi nikiwa darasa la saba.

Na wewe ndugu yangu, kama ulisoma shule ya kijijini, utanielewa upesi. Yetu ilikuwa Ruvu, uwanja wa vumbi, mikorosho upande mmoja na magoli ya miti isiyo na nyavu. Mwalimu wa michezo alitugawa timu nne za rangi. Jezi hatukuwa nazo. Kila mchezaji alifunga kitambaa mkononi, na vitambaa vya kwetu, timu ya Njano, vilichanwa kutoka kanga kuukuu ya bibi yangu. Mwalimu alikuwa na sheria yake aliyoitunga mwenyewe: shule ikifunguliwa Januari, timu iliyoshika mkia inachagua kwanza kati ya wanafunzi wageni. Alisema hataki wanyonge wabaki wanyonge. Nia njema kabisa, ila alisahau kwamba anashughulika na watoto.

Mimi nilikuwa kipa, msichana pekee uwanjani. Udakaji sikufundishwa na mwalimu. Nyuma ya jiko la bibi kulikuwa na mipapai mirefu, na kila asubuhi bibi aliangua kwa upondo, mimi nasimama chini nadaka. Papai likinipita linapasuka, na likipasuka nakula muhogo mkavu pamoja na maneno ya bibi. "Usiangalie upondo, mtoto wewe! Angalia papai!" Nadaka la kushoto, nadaka la kulia, naingia darasani mikono inanata utomvu. Mpaka leo nikipita sokoni nikasikia harufu ya papai lililoiva, miguu inajipanga yenyewe.

Mwaka wangu wa mwisho tulicheza vibaya, sikufichi. Mwaka huohuo ikahamia familia kutoka Kisarawe, baba kapata kazi kwenye mtambo wa maji. Kijana wao angeanza shuleni kwetu Januari. Siku moja tukamwona anapiga danadana kwa chungwa, kutoka kisimani hadi mlangoni kwao, ndoo ya maji kichwani. Shule nzima ikapagawa. Timu ya Nyekundu, waliokuwa wanagombea mkia na sisi, wakaenda kufungwa manne na Bluu, beki wao anacheka waziwazi. Ikabaki mechi yetu na Kijani. Tukifungwa, mkia ni wetu na kijana wa Kisarawe ni wetu. Tukitoka sare au tukishinda, anakwenda Nyekundu.

Nahodha wetu, mtoto wa jirani, alikuwa darasa la sita. Alinifuata jioni nikimwagilia bamia za bibi.

"Dada, kesho achia mawili tu. Wengine wote nimeshawaambia."

"Wewe una mwakani," nikamwambia. "Mimi mwakani sipo."

"Fikiria timu, dada."

Nikammwagia maji miguuni akaondoka. Lakini chakula cha jioni, ubwabwa na kambale wa nazi, nilikila bila kusikia ladha. Kwa sababu bibi, ambaye miaka yote aliuita mpira kazi ya wasio na kazi, alikuwa ametangaza kwamba kesho atakuja. Bamia hazitakimbia, alisema, anataka kuona kanga yake inafanya nini huko. Mechi yangu ya mwisho, bibi yangu kasimama pale, halafu niachie mpira upite? Thubutu!

Basi tukaanza. Wenzangu walicheza kama wagonjwa. Beki anateleza pasipo na tope, winga anarusha mpira kwa Kijani. Mimi nikadaka. Nikadaka, nikapangua, nikala vumbi, mpaka nahodha akanijia meno yameumana: "Dada, unatuharibia!" Nikamwambia arudi kwenye nafasi yake. Ilipokaribia kwisha bila kwa bila, akafanya kituko ambacho sijakiona tena. Ukaja mpira mwepesi kwenye boksi, usio na madhara, naye akaudaka kwa mikono miwili kama anapokea mtoto mchanga. Penalti!

Kijani wote wakasogea kushangilia kabla ya wakati. Hata kipa wao akaacha goli lake akaja mpaka katikati ya uwanja ili aone vizuri. Kutoka kwenye mikorosho nikasikia sauti moja tu:

"Papai hilo! Angalia papai!"

Sikuuangalia mguu wa mpigaji. Niliuangalia mpira, nikaruka kushoto, nikaukumbatia kifuani kwa mikono yote. Nikainuka nikaupiga mbele kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Ukamkuta nahodha, aliyekuwa ameshasogea mbele, peke yake. Mbele yake hakuna mtu, goli tupu, kipa wao yuko huku anapiga kelele. Angeweza kusimama. Angeweza kuupiga nje. Akakimbia nao, kasi, kitambaa cha njano kinapepea, akaupiga ndani, akavua shati akazunguka uwanja mzima. Alipofika kwangu ndipo akashika kichwa: "Mama yangu! Nimefanya nini?" Nikamkumbatia tukaanguka wote. Bibi aliingia uwanjani na kanga kiunoni, anapiga vigelegele na kuwauliza watu kama wamemwona mjukuu wake.

Mwanangu akanikatiza. "Sasa yule wa Kisarawe?" Akaenda Nyekundu, nikamjibu, na mwaka uliofuata wakabeba kombe. Alikuwa anajua mpira kwelikweli. "Kwa hiyo mliharibu."

Nikampigia nahodha, siku hizi ana duka la vifaa vya ujenzi kule Mlandizi, nikaweka spika ili mwanangu asikie. Uwanja wetu sasa umejengwa nyumba, mikorosho imekatwa, sheria ya mwalimu haikumbukwi na mtu. Bibi tulimzika miaka mingi iliyopita, na ufunguo wa mlango wake tuliukuta umefungwa kitambaa cha njano, ninao mimi. Nikamuuliza nahodha: ukirudishwa siku ile, ukijua yule kijana atakwenda Nyekundu, utafanyaje?

Akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Dada, goli tupu? Napiga! Napiga hata leo!"

Mwanangu akaiweka simu yake mezani. Akaniomba nimwonyeshe kile kitambaa.