Kitabu Kimoja cha Kwenda Nacho Ipole

Nitenge kwanza niliyoyaona na niliyoyasikia, maana nimezeeka nikiwakemea watu wanaoyachanganya. Niliyoyaona ni haya: vitabu vitatu vya kemia ogani vya ngazi ya uzamili, viwili vikiwa juu ya kaunta ya duka la vifaa vya shule mjini Tabora na cha tatu kikitoka kabatini kwangu, mjukuu wangu akivichunguza kwa siku tatu, na kimoja alichoondoka nacho. Niliyoyasikia ni jinsi alivyoshindwa usaili wake wa kwanza huko Dar es Salaam na jinsi ulivyokwenda wa pili. Mara zote mbili sikuwapo. Nimesikia pia, tangu utotoni, kwamba barabara ipitayo mbele ya duka lile ndiyo waliyopita wapagazi wa misafara wakielekea Ujiji. Huenda ni kweli. Mimi nimeona pikipiki juu yake, na malori ya tumbaku.

Mjukuu wangu huyu ni mtoto wa binti yangu aliyeolewa Ipole, kwa watu wa nyuki. Baba yake hurina asali, huyeyusha masega, na hununua na kuuza nta. Mjukuu huyo alihitimu shahada ya kwanza ya kemia, akarudi kwao, akawa anafundisha kwa kujitolea katika sekondari ya kata huku akiomba nafasi ya uzamili. Nafasi aliyoitaka ilikuwa moja tu, yenye ufadhili, na iligombewa kwa mtihani wa maandishi na mahojiano ya ana kwa ana. Mara ya kwanza aliikosa. Kwa maelezo yake, maandishi hayakumshinda, kwenye mahojiano ndiko alikoanguka, kwa sababu kila alipotoa jibu, mzee mmoja wa jopo alimwuliza, "Unajuaje?" Naye hakujua anajuaje. Alijua tu kwamba imeandikwa hivyo.

Mwombaji aliruhusiwa kujaribu mara mbili, basi. Barua ya masharti hayo niliisoma mwenyewe, kwa hiyo hilo nalishuhudia. Ilikuwa imebaki miezi mitatu kabla ya jaribio lake la mwisho. Angeikaa yote Ipole, na baba yake alikuwa ameahidi kumnunulia kitabu kimoja.

Alifika kwangu Jumatatu asubuhi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekuja na simu au umekuja na akili?"

"Nimekuja na zote, ila simu ndiyo nzito. Ina vitabu kumi na viwili, na sijamaliza hata kimoja."

Nilimwuliza sababu. Akaniambia kuwa michoro ya molekuli haienei kwenye kioo kidogo. Akiikuza, nusu ya mmenyuko inatoka nje ya ukurasa, na akirudi kuutafuta mwanzo wake, ujumbe wa mtu unaingia na yeye anausoma. Jibu hilo lilinipendeza kwa kuwa halikumlaumu mtu mwingine.

Nikafungua kabati na kumtolea kitabu kinene nilichokuwa nimewatajia wanafunzi na walimu wenzangu kwa zaidi ya miaka thelathini. "Hiki ndicho," nikasema. "Hakuna kikubwa kuliko hiki." Alikipokea kwa mikono miwili, akakipima uzito, akasema, "Twende nacho dukani, babu. Kikapimwe na wenzake."

Mwenye duka ni Mwislamu wa asili ya Kihindi, aliyezaliwa Tabora kama mimi, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha vijana wengi ninaowasikia. Alikuwa ameagiza kutoka Dar es Salaam vitabu viwili kwa kuangaliwa. Kisichonunuliwa kingerudishwa kwa basi la Alhamisi. Anamruhusu mteja kusoma kitabu dukani kwa muda wowote, kwa sharti la mikono safi, na kwa ajili hiyo huweka pembeni mwa kaunta birika la maji, beseni na taulo. Nimewaona watu wazima wakiondoka wamenuna kwa kuambiwa wanawe. Mjukuu wangu alinawa kabla hajaambiwa.

"Mwalimu," mwenye duka akaniambia, "huyu umemlea vizuri."

"Amelelewa na nyuki," nikamjibu.

Kitabu cha kwanza kilikuwa kipya, cha rangi, chenye mishale myekundu na ya buluu ikionyesha elektroni zinakotoka na zinakokwenda. Alikwenda moja kwa moja kwenye faharasa ya nyuma na kutafuta nta. Aliikuta. Palikuwa na nusu ukurasa mzima, pamoja na picha ya sega. Uso wake ukafunguka.

"Babu, hiki kinatujua."

"Kimekuamkia kwa lugha ya kwenu, na wewe umeshalainika."

Nilisema hivyo kwa ukali, lakini ni haki niseme kwamba hata mimi, nilipoliona lile sega, nilikipenda kitabu kile kwa muda kidogo. Mtu wa Dar es Salaam asingenaswa na picha ile.

Akaendelea kusoma hadi mwisho wa kipande hicho. Kitabu kilieleza kuwa nta ya nyuki ni esta fulani, kikaitaja na kuichora, kikapita. Mradi wake wa mwisho chuoni ulikuwa juu ya nta ya baba yake. Aliiyeyusha na kuitenganisha kwa mikono yake mwenyewe, akapata esta za namna nyingi, na zaidi ya hizo akapata hidrokaboni na asidi zilizo huru.

"Wameandika kitu kimoja," akasema. "Mimi nilitenganisha vitatu."

"Lakini picha nzuri," mwenye duka akasema.

"Nzuri, mzee. Hata matonge ya nta yanayoletwa kwa baba hung'aa juu."

Hapo nieleze jambo ambalo nimeliona Ipole zaidi ya mara moja. Mnunuzi wa nta hamwulizi muuzaji kama mali yake ni safi. Kuuliza ni kumtukana, na muuzaji naye anayeanza kujieleza huonekana tayari ana lake jambo. Tonge hupinduliwa ili uonekane upande wa chini, ambako uchafu hutuama nta inapoganda. Kisha hupigwa kwa kisogo cha shoka hadi livunjike katikati, na punje ya ndani kabisa hutafunwa. Nta safi huvunjikavunjika mdomoni. Iliyochanganywa na mafuta hunata kwenye meno. Wote wawili hukaa kimya mpaka mwenye kutafuna ateme.

Jumanne alirudi dukani akiwa ameamua kuvivunja vitabu viwili vilivyobaki namna hiyo. Hakusoma dibaji, wala sifa zilizochapwa nyuma ya jalada. Alikuwa na swali moja tu, na nitaliweka kwa lugha nyepesi. Esta ni vipande viwili vilivyoungwa na oksijeni katikati. Ukiichemsha pamoja na alkali, inakatika. Upande mmoja unakuwa sabuni na upande wa pili alkoholi. Kila mpika sabuni anajua hilo. Swali lake lilikuwa: inakatika upande upi wa ile oksijeni, na ni nani aliyeona?

Alianza na kitabu changu. Alikipata kipengele hicho, akakisoma kwa sauti. Sentensi moja: inakatika upande wa asidi, yaani ule unaotoa sabuni. Baada ya hapo kitabu kilihamia kwenye mmenyuko mwingine, na mwingine, kwa kurasa nyingi, kama ghala lililopangwa vizuri.

"Nani aliyeona?" akauliza.

"Kitabu hiki kimesomesha watu wakubwa," nikasema.

Alikisimamisha kitabu kwa mgongo wake juu ya kaunta, akaachia mikono. Kikafunguka chenyewe kwenye sura ya pili. Akakifunga, akakisimamisha tena, akaachia. Sura ya pili. Mara ya tatu, ilikuwa hivyo hivyo. Kurasa zilizofuata zilikuwa zimebana kama siku zilipotoka kiwandani.

"Babu," akasema kwa upole, "umekisoma chote?"

Mwenye duka akageuka na kuanza kupanga kalamu ambazo zilikuwa tayari zimepangwa.

Nilisema hapana. Nilisema kwamba nilisoma sura mbili, kisha nikaanza kazi, nikapewa vipindi vingi, na sikurudi tena. Sifa za kitabu kile nilizipokea kwa mhadhiri wangu, nikawapelekea wanafunzi wangu kana kwamba nilizipima mimi. Kama naye alikisoma chote, sijui, sikumwuliza. Mimi, niliyewahi kumtoa mwanafunzi darasani kwa kuanza sentensi yake na "wanasema," nilikuwa nimesema "wanasema" kwa zaidi ya miaka thelathini.

"Mume wangu," mjukuu akasema, kwa utani wa babu na mjukuu, "kitabu hiki ulikioa, hukukaa nacho."

"Hapo umeshikwa, mwalimu," mwenye duka akasema, bado amenipa mgongo.

Sikucheka. Lakini nilinawa mikono kwa mara ya kwanza tangu tuanze kuja dukani pale, nikasogea karibu naye ili tukione pamoja kile cha pili cha mwenye duka.

Kilikuwa na jalada la rangi ya majivu, hakina picha hata moja. Tulikifungua katikati. Hakikuanza na jibu. Kilianza kwa kusema kwamba esta ingeweza kukatika upande huu au upande ule, na kwamba kwa kuitazama sabuni na alkoholi zilizopatikana mtu hawezi kutofautisha, kwa kuwa njia zote mbili zinatoa vitu vile vile. Kisha kikaeleza kilichofanywa: mmenyuko ulifanyiwa ndani ya maji yenye oksijeni nzito kuliko ya kawaida, na baadaye oksijeni ile ikatafutwa imeishia wapi. Ilikutwa upande wa asidi. Kwenye alkoholi haikuwamo. Aya iliyofuata ilisema ni nini ambacho jaribio hilo halithibitishi.

Niliusoma ukurasa ule mara mbili, nimesimama. Nimesoma vitabu vingi vya sayansi na nimewasikiliza mashahidi wengi. Ni mara chache nimekutana na shahidi anayesema alichokiona, akasema namna alivyokiona, akanyamaza pale macho yake yalipoishia. Sikuona katika ukurasa ule sentensi hata moja iliyotaka kuaminiwa bure.

Dosari yake ilionekana Jumatano. Kila sura ilimalizika kwa maswali mengi, na nyuma ya kitabu hapakuwa na majibu.

"Kitabu kisicho na majibu nitamwuzia nani?" mwenye duka akalalamika.

Hata mjukuu wangu alisita, na kusita kwake kulikuwa na haki. Ipole asingekuwa na mwalimu wa kumsahihisha. Akikosea mwezi wa kwanza, angelibeba kosa hilo hadi mbele ya jopo, na nafasi ya tatu haikuwapo. Kile cha rangi kilikuwa na majibu yote. Alisimama kati ya vitabu hivyo viwili kwa muda mrefu. Nilijizuia kusema neno, kwani ushauri wangu juu ya vitabu ulikuwa umekwisha kupimwa.

Mwishowe aliomba kipande cha boksi na penseli, akaanza kufanya maswali ya sura ile ya esta. La kwanza na la pili yalikwenda. La tatu alilifanya haraka. Alipofika la nne akakwama, akafuta, akakwama tena. Kisha akarudi kwenye la tatu, akalitazama, akatoa sauti ndogo.

"Nimekosea hapa," akasema. "Ukikosea la tatu, la nne linakataa."

Akalirekebisha, na la nne likafunguka. Akajaribu sura nyingine, akakuta mpango ni ule ule: kila swali lilitumia jibu la lililotangulia, na lililokuwa na kosa halikupita. Mtunzi alikuwa amempa msomaji msahihishaji bila kumpa majibu. Nilifundisha maisha yangu yote, na sikuwahi kutunga mtihani wa namna hiyo. Sikufikiri kwamba inawezekana.

"Hiki," akasema.

Alhamisi kile cha rangi kilipakiwa kwenye basi la Dar es Salaam. Mimi nilirudi nyumbani na kitabu changu kinene kwapani.

Binti yangu amenipigia simu majuzi kusema kwamba mwanawe ameipata nafasi, kwamba jopo lilimwuliza tena "Unajuaje?" na kwamba safari hii alijibu hadi wakamwambia inatosha. Ameongeza mengi. Nimemwambia alete barua. Barua bado haijafika, kwa hiyo nitarudi nyuma hadi siku moja kabla ya safari ya mjukuu wangu kwenda kwenye usaili huo, aliponipitia Tabora akitokea Ipole, na nitaishia hapo.

Alikiweka kitabu mezani kwangu, akasema, "Vunja, babu."

Jalada lilikuwa limekunjika pembeni. Nilikisimamisha kwa mgongo, nikaachia. Kilifunguka mbali kupita katikati, kwenye kurasa za maswali, na pembeni palikuwa na doa la nta ambalo mtu alijaribu kulikwangua. Nilichagua jambo moja kutoka sura ile, nikamwuliza anajuaje. Akanieleza jaribio, nani angetarajia nini, kipi kilionekana. Nilifuata kwenye kitabu kwa kidole, alikuwa sahihi. Nikauliza la pili, kutoka sura nyingine. Sahihi. La tatu nilikusudia limtege: nilimwuliza juu ya mmenyuko mmoja wenye njia mbili zinazowezekana, nikamtaka aseme ni ipi inayofuatwa.

"Sijui," akasema bila kuona haya. "Na kitabu nacho hakijui. Kinasema ushahidi bado hautoshi."

Nilivaa miwani, nikautafuta ukurasa huo na kuusoma mwenyewe hadi mwisho. Ndivyo ulivyoandikwa.