Maneti Iliyovuta Kushoto

Siku chache kabla ya kaka yangu kufika, mwanangu aliingia jikoni nikichambua mchele, maneti ya gemu yake, kile kidude cha kuchezea, iko mkononi, uso umemshuka. "Mama, hii imekufa," akaniambia. "Iko navuta kushoto yenyewe. Niitupe?" Niliichukua kabla hajamaliza kusema. Nikaifuta kwa khanga, nikaifungia kwenye kabati la vyombo, nikamwambia isiguswe mpaka mjomba wake aje. Aliniangalia kana kwamba nimechanganyikiwa, na simlaumu. Yeye angejuaje?

Wewe nitakueleza. Nyumba yetu ni ileile ya mtaa wa Asiatique, hapa Bujumbura, nyuma ya lililokuwa duka la vitambaa la baba. Nilikuwa na miaka kumi, kaka kumi na saba. Vita vilikuwa vimeuzoea mji, na mji umevizoea. Milio ikianza kusikika upande wa Kanyosha, maduka ya mtaa mzima yalifungwa mchana mweupe, milango ya chuma ikishuka mmoja baada ya mwingine, na shule zikituachia turudi nyumbani. Watu wazima walikaa na redio, nyuso zimekunjamana. Sisi watoto, Mungu atusamehe, tulifurahi, maana ilikuwa saa ya gemu.

Mashine ile ilitumwa na mjomba kutoka Maskati, imeviringishwa katikati ya majora ya vitambaa, na maneti zake mbili. Kila maneti ilikuwa na vile vifimbo vya kusukuma kwa dole gumba, vyenye kichwa cha mpira. Sisi tuliviita uyoga. Kaka alicheza mpira tu, mchezo mwingine hakuutaka, na alicheza kwa hasira, ulimi nje, akiusukuma uyoga kushoto kama anayezuia mlango usifunguliwe. Haukupita mwaka, mpira wa juu ulilika ukawa laini. Halafu kile kifimbo kikasahau katikati yake. Ukikiachia, hakisimami, kinalala kidogo kushoto. Wachezaji wa kaka wakaanza kujiendea. Mpira uko huku, nahodha wake anatembea zake taratibu mpaka kwenye bendera ya kona, utadhani ameitwa na mama yake.

Basi zikawa maneti mbili: nzima na mbovu. Na nani ashike ipi lilikuwa jambo lisilojadiliwa kwetu, kwa sababu ya bibi, mama yake baba. Bibi alikuwa na sheria moja ya nyumba. "Mugeni hapewe kitu kibovu," alisema, na alimaanisha kila kitu. Vikombe vyenye ufa vilikuwa vyetu, vizima vya wageni. Godoro lililobonyea letu, jipya lao. Hata sambusa zilizopasuka kwenye mafuta zilitengwa kwenye sahani yetu, na kusema kweli ndizo zilizokuwa tamu zaidi. Rafiki wa kaka kutoka Kanyosha alipokimbilia kwetu na familia yake, wakakaa wiki kadhaa, yeye ndiye aliyeshika maneti nzima. Kaka alichukua mbovu. Ndivyo alivyojifunza kusukuma uyoga kulia kidogo muda wote, kuurudisha, hata pale ambapo hakuna la kufanya. Kidole kilizoea kikaacha kumuuliza.

Wale wageni waliporudi kwao, kiti cha pili kikawa wazi, nikakirukia. Nilinyoosha mkono kwenye maneti mbovu, maana mimi ni wa nyumbani. Kaka akanizuia. "Apana, we shika ile nzima. Mu mpira we uko mugeni." Akanifunga mabao saba, nahodha wake akiwa anatembea tembea kushoto. Siku iliyofuata akanifunga sita. Nilikuwa nampenda kaka yangu, lakini siku hizo nilimchukia kidogo.

Kisha baba akakata shauri. Vijana wa umri wa kaka walikuwa wanapotea. Wengine walisemwa wameingia porini, wengine jeshini, na wengine hakuna aliyethubutu kuuliza. Kaka angekwenda Maskati kwa mjomba. "Miezi sita tu," baba alisema, "mpaka inchi itulie." Mama aliinuka akaenda kupika, ingawa chakula kilikuwa kimeshapikwa. Mimi nikaanza kufikiria zawadi.

Mtoto wa miaka kumi ana nini cha kutoa? Niliifunga maneti mbovu kwenye mtandio, nikampelekea fundi wa saa aliyekaa barazani mkabala na msikiti. Nilitaka kaka, walau mchana wake wa mwisho, acheze na kitu kizima kama wageni. Fundi aliifungua, akaipuliza vumbi, akakitikisa kile kifimbo. "Hii haina ugonjwa, binti," akasema. "Imechoka tu. Kidole cha mutu kimeikula." Vipuri vya kitu kama kile havikuwapo Bujumbura nzima, miaka ile hata sabuni nzuri ilikuwa habari. Lakini kwenye kopo lake la maziwa mlikuwa na maneti iliyokufa, mali ya mtu aliyevuka kwenda Uvira na hakurudi kuichukua. Akang'oa kifimbo cha ile, akakitia kwenye yetu. Kichwa akakivika kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, akakizungushia gundi. Nilirudi nyumbani nikikimbia, yenyewe ikinuka mafuta ya taa.

Kaka aliipokea, akaijaribu, akanibusu kichwani. Tukaanza. Unajua kilichotokea? Wachezaji wake wote walikimbilia kulia. Kila mpira ulioanzia kwake ulitoka nje. Dole lake lilikuwa bado linasukuma, linamrudisha nahodha kutoka kushoto ambako hakuna tena aliyekuwa anakwenda. Akijitahidi kuliachia, dakika moja tu, lilirudi kazini. Nikamfunga matatu bila. Niliruka, nikapiga kelele hadi bibi akaja na mwiko mkononi kuuliza nani ameumia. Kaka alikuwa amelala chali kwenye mkeka, anacheka machozi yakimtoka. "Dada," akasema, "maneti umeitengeneza. Na hiki kidole changu, nani atakitengeneza?"

Asubuhi yake akaondoka. Miezi sita ikawa mwaka, mwaka ukawa miaka, nchi ikaja kutulia naye tayari ana kazi, kisha mke, kisha watoto wanaomwita kwa lugha ya huko. Bibi alituacha, baba na mama wakamfuata. Duka tumelipangisha, wanauza simu. Fundi wa saa hayupo, na pale barazani wameegesha pikipiki. Kaka alipiga simu kila Idi. Miaka yote hiyo nilikuwa na jambo moja tu nililolitaka: arudi akae humu kama mtu wa humu. Ndiyo maana nikaifungia maneti mbovu ya mwanangu kabatini, ije kushikwa na yeye.

Amefika Ijumaa, ndevu nyeupe, marashi mazuri. Alivua viatu mlangoni akasimama sebuleni, akisubiri aonyeshwe pa kukaa. Ni sebule aliyojifunzia kutambaa. Aliniomba ruhusa ya kutumia choo. Baada ya chakula nikaenda kuchemsha chai, na niliposikia mwanangu anawasha mashine nikajongea mlangoni na birika mkononi. Alikuwa ameshafungua kabati. Akampa mjomba wake maneti nzima, kwa mikono miwili, akabaki na mbovu. "Mugeni hapewe kitu kibovu," akasema, vizuri kabisa, kama nilivyomfundisha mwenyewe.

Nilisubiri. Nilikuwa namwomba kimoyomoyo aseme, nipe hiyo ingine, mi siko mugeni hapa. Kaka aliweka mkono kifuani. "Shukran, mwanangu," akasema. Wakacheza. Nilitazama kidole chake kuliko nilivyotazama mpira, na kidole kilikuwa kimetulia. Hakikusukuma kulia hata kidogo. Nahodha wa mwanangu ndiye aliyekuwa anajiendea kwenye bendera ya kona, peke yake.

Nilirudi jikoni nikalia, sitakuficha. Kisha nikanawa uso, nikapanga vikombe kwenye sinia. Vile vizima vilikuwa viwili, na mkono wangu ulishagusa kimoja. Nikakirudisha. Nikachukua kile cha kwetu kilichovunjika kishikio, ambacho hata jirani simpi, nikakijaza chai ya tangawizi, nikampelekea kaka.

Alikipokea macho yakiwa kwenye mchezo. Dole gumba likatafuta mahali pa kushika, likakuta pale palipovunjika, likapapasa. Akageuka akaniangalia. Kisha akakikumbatia kwa viganja viwili, kama tulivyokuwa tunafanya utotoni, akanywa.