Mama Si Chanzo

Mama alipohamia kwangu mjini Butembo alikuja na sufuria moja, Biblia ya Kinande na wasiwasi kuhusu mazishi yake. Kufa hakukumtisha. Kwetu, kabla jeneza halijatoka kanisani, mtu husimama na kusoma historia ya marehemu: alizaliwa wapi, kwa nani, akabatizwa wapi. Mama aliogopa kwamba msomaji atataja kijiji chake na watu watabaki wakiangaliana. Kijiji kiko magharibi ya Mangina, ndani kabisa, mahali ambapo pikipiki huishia halafu unatembea. Tangu watu wa mapanga walipopita hakuna anayekaa pale. Msitu umemeza nyumba, na vijana wa Butembo hawajawahi kusikia jina lake.

"Kama mutu anauliza, batamuonyesha wapi?" aliniuliza kwa Kiswahili cha kwetu. "Hata mu simu yako hakiko."

Nilitafuta. Kweli hakikuwamo.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, kwa hiyo jambo hilo lingepaswa kunichoma. Halikunichoma. Miaka ile moyo ulikuwa umeniingia ganzi. Nilisikia habari za mauaji ya Beni redioni huku nikimenya viazi, na viazi viliendelea kumenyeka. Lakini mama ni mama. Mwenzangu mmoja wa korali aliniambia kuna kamusi elezo mtandaoni, ya Kiswahili, ambayo mtu yeyote anaweza kuiandika. Mtu yeyote. Niliyapenda maneno hayo kabla sijayajua vizuri.

Niliandika huku mama akinieleza: kijito, kakao, soko la Alhamisi, kanisa la udongo ambalo ngoma yake ilisikika hadi ng'ambo ya kilima, mwanamke aliyejua kuunga mifupa. Niliweka yote. Nikabonyeza, na kijiji kikatokea. Mama alishika simu kwa mikono miwili, akaniambia nisome tena pale pa soko.

Kesho yake juu ya ukurasa palikuwa na tangazo: makala hii imependekezwa kufutwa. Chini yake mhariri mmoja, sijui wa wapi, alikuwa ameniandikia kwa Kiswahili cha pwani kilichopigwa pasi. Karibu sana. Asante kwa mchango wako. Tafadhali taja chanzo. Nilijibu kwamba chanzo ni mama yangu, amezaliwa pale. Akajibu kwa adabu ileile kwamba kumbukumbu za familia si chanzo. Kinachotakiwa ni kitu kilichochapishwa na watu wasiohusika. Mjadala ungekuwa wazi kwa juma moja, na kila mtu alikaribishwa kutoa maoni.

Hapo ndipo tulipokosea, na tulikosea kwa nia njema kabisa. Kwetu mtu mwenye kesi haendi peke yake. Ukiitwa kwa chifu, ukoo unafika pamoja nawe, na hata asiye na la kusema husimama, akasema yeye pia yupo, kisha akaketi. Ukienda peke yako watu watajiuliza umewakosea nini ndugu zako. Basi Jumapili baada ya ibada niliwaita watu wa kijiji waliotawanyika mjini. Walijaa nyumbani hadi uani. Tulitumia intaneti ya simu yangu, na kila mmoja akafungua akaunti yake. Shemasi mmoja mzee, aliyekuwa akipiga ile ngoma ya kanisa, aliandika kwa kidole kimoja huku jasho likimtoka.

Sasa, sisi Wanande majina yetu hufuata mpangilio wa kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, na wasichana vivyo hivyo. Kila nyumba inarudia yaleyale. Wengi waliokuja siku ile walikuwa wazaliwa wa kwanza. Mashine haikubali majina mawili yanayofanana, kwa hiyo kila mmoja alibandika tarakimu nyuma ya jina lake. Na kwa kuwa tulikubaliana kusema ukweli, wote waliandika ukweli uleule: kijiji kiko, nilizaliwa pale.

Tulikunywa chai, tukaomba, tukaagana kwa furaha. Siku iliyofuata sote tulikuwa tumefungiwa kuandika. Msimamizi wa kamusi hiyo alieleza kwa ufupi: majina yaleyale, mahali pamoja, saa ileile, maneno yaleyale. Kwa maoni yake zilikuwa akaunti bandia za mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi.

Nilikwenda kumwambia shemasi. Alifikiri kidogo.

"Donc mimi ni wewe?"

"Njo vile banasema, muzee."

"Na bale bote ba jana, bote ni mutu moja?"

"Mutu moja."

"Mais kama bale bote ni mimi, mbona nilikunywa kikombe moja tu ya chai?"

Alicheka hadi akakohoa. Mimi nilicheka kwa mdomo tu.

Mlango uliobaki wazi ulikuwa ukurasa wangu wa majadiliano. Niliandika pale kuhusu majina yetu, nikieleza kama ninavyoeleza darasani, bila kutarajia kitu. Yule mhariri wa Kiswahili cha pasi alisoma, akaamini, akaomba radhi, akatuombea tufunguliwe. Ni mtu mwema. Nasema hivyo bila kinyongo. Ila aliongeza kwamba kule hawahesabu watu, wanapima vyanzo, na kwamba atanisaidia kutafuta.

Akatafuta kweli. Juma lilipokuwa likiisha alipata ripoti ya shirika fulani, kurasa nyingi za Kifaransa, na ndani yake kijiji chetu kimetajwa mara moja. Aliondoa kila kisichokuwemo katika ripoti: kijito, kakao, soko, ngoma, mwanamke wa mifupa. Ikabaki sentensi moja inayosema kwamba ni kijiji cha eneo la Beni ambacho wakazi wake waliuawa au walikimbia baada ya shambulio. Mwisho wa sentensi aliweka namba ndogo ya buluu, ndiyo chanzo. Makala imebaki, aliniandikia. Hongera.

Nilimsomea mama alipokuwa akichambua maharagwe. Alingoja niendelee.

"Na ingine?"

"Haiko ingine, mama."

"Soko?"

"Baliitosha, baliifuta. Hakuna mwenye aliandikaka juu ya soko."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. "Banaandika tu siku tulikufa," alisema. "Utoshe na ile."

Niliifuta ile sentensi. Ikarudi kabla sijaweka simu chini, pamoja na onyo: tafadhali usiondoe maelezo yenye chanzo. Nikafuta tena. Ikarudi tena, na onyo lilikuwa kali zaidi. Nilitaka kuitupa simu ukutani. Nilijishangaa, maana nilikuwa sijataka kitu chochote kwa muda mrefu. Kisha hamu ile ikapita, nikamwambia mama kwamba inakataa.

Alirudia maharagwe yake.

"Basi siku yangu," alisema, "museme nilizaliwaka Musienene."

"Mais haukuzaliwaka Musienene, mama."

"Musienene kuko soko. Kuko maharagi. Kila mutu anakujuaka." Alitoa jiwe dogo kwenye ungo, akalitupa nje ya mlango. "Na ku kilio hakuna mutu anaombaka chanzo."

Mimi, mwalimu wa jiografia, nikamwambia nitasema hivyo.