Mama Aliyenishika Mkono Nikiyeyusha Risasi

Wapo watakaosema nimetunga. Waseme. Mimi nilikuwepo, saa nne asubuhi, mchana kweupe, nimeshiba chapati na chai, sina homa wala sijavuta kitu. Haya ninayowasimulia yamenipata mimi mwenyewe hapa Guangzhou, jikoni kwangu, katika nyumba ninayolala mpaka leo.

Kwanza niwaambie nilikuwa nafanya nini, maana hapo ndipo watu huanza kunicheka. Nilikuwa natengeneza gololi za manati. Ndiyo, manati, ile ile tuliyowindia ndege utotoni. Huku ni mchezo wa watu wazima na heshima zao. Wastaafu wa mtaa wetu wana klabu, wanakutana kila Jumapili kwenye ua wa kiwanda kilichofungwa. Wametundika pazia zito, mbele yake wamening'iniza visahani vya bati, na wanavipiga kutoka hatua ishirini. Kiongozi wao ni Mzee Feng, fundi mashine mstaafu, mtu wa maneno machache ambaye hakuna anayethubutu kumkosoa.

Mimi ni mtu wa Lindi. Wiki nzima niko Tianxiu, jengo la biashara, nafungisha mizigo ya wafanyabiashara wa Kariakoo, kelele za utepe wa kufungia makatoni zinanilia masikioni mpaka usingizini. Jumapili nakwenda kwa wale wazee, nafurahi. Walinipokea vizuri, sikatai. Wakaniita pengyou, yaani rafiki. Lakini huyo rafiki kazi yake ilikuwa kubeba chupa za maji na kuokota visahani. Kwenye timu ya watu watano hakuwahi kuingia. Na mimi nilitaka kuingia, jamani, nilitaka mpaka nikawa naota! Unaishi mji wa watu miaka tisa, si unatamani siku moja waseme huyu ni wa kwetu?

Basi mwezi wa tatu mmoja wa wale watano akahamia kwa mwanawe mji mwingine. Mzee Feng akatangaza: Jumapili ijayo tunashindana na timu ya ng'ambo ya mto. Anayetaka nafasi iliyobaki aje mapema, apige mara tano. Tulijitokeza wawili, mimi na dereva mmoja mstaafu wa basi.

Shida yangu ilikuwa gololi. Za dukani zilikuwa hafifu, upepo ukipita zinapepea. Wazee walikuwa na akiba yao ya gololi za madini ya risasi, zile nzito za kumimina nyumbani, zinakwenda pale pale zilipotumwa. Zilikuwa zimebaki chache, na hakuna aliyenigawia hata moja. Nikasema sawa, kaeni nazo. Marehemu baba yangu alikuwa na gobori, akiyeyusha risasi zake mwenyewe uani, na mimi ndiye niliyekuwa nampepelea moto. Hii kazi naijua! Nikatafuta kalibu, kile chombo cha kumiminia, ya alumini ya vipande viwili, na fundi magari mmoja akanipa vyuma vya risasi vinavyobandikwa kwenye magurudumu.

Jumamosi hiyo nikawasha jiko. Sasa, kama hujawahi kuuona mwezi wa tatu wa Guangzhou, nikueleze: ukuta unatoa jasho. Si mfano, ni maji kweli yanachuruzika. Sakafu inateleza, kioo hakionyeshi sura, nguo zilizofuliwa Jumatatu zinanuka Ijumaa bado mbichi. Madirisha unafunga, maana ukifungua ndiyo kwanza unaukaribisha ukungu ndani.

Risasi kwenye sufuria ikayeyuka vizuri, inang'aa. Nikainama kuikagua, nikachukua kipande kingine mezani ili niongeze. Baba alikuwa anafanya hivyo hivyo. Kinachobaki anarusha ndani, kilichoharibika anarusha ndani, hatazami mara mbili. Lindi kiangazi hata jiwe limekauka.

Nikasikia, "Hodi."

Nikajua ni Mwanaidi, dada wa Tanga anayekaa ghorofa ya nne, amekuja kuazima pasi. Mlango nilikuwa nimeurudishia tu. Sikugeuka. Nikasema karibu, kama mtu yeyote wa kwetu angesema, na mkono wangu uko juu ya sufuria.

Nikashikwa kifundo cha mkono. Nawaambia nilishikwa! Kugeuka, namkuta mama wa Kichina, mfupi, nywele amezikata, amevaa ile suti ya maua wanayovaa akina mama wa hapa nyumbani na sokoni, na ndala za plastiki. Nikaanza kusema nini sijui. Akanikatiza kwa Kimandarini, kana kwamba si yeye aliyebisha hodi kwa Kiswahili.

"Unataka kuwa kipofu?"

Akakichukua kile kipande, akapitisha kidole juu yake, akanionyesha. Maji yanatiririka. Tone moja la maji likizama ndani ya risasi ya moto hugeuka mvuke ghafla, na risasi yote inaruka juu. Na uso wangu ulikuwa wapi? Hapo hapo juu ya sufuria. Nikamwambia, "Asante mama, asante sana." Akanijibu kwa kunifokea zaidi. Mbona dirisha limefungwa, nataka kufa kwa moshi wa risasi? Miwani iko wapi? Glavu ziko wapi? Mikono mirefu je? Nikafungua dirisha, nikavaa miwani ya jua, nikavaa koti la baridi. Nilikuwa kituko, hata mimi nilijicheka.

Kisha akanifundisha. Tulivikausha vipande vyote pembeni ya jiko. Gololi za kwanza sita akaniambia nizirudishe zikayeyuke, kwa kuwa kalibu bado ni baridi na ngozi yake imekunjamana. Nikilegea kidogo kati ya moja na nyingine, anapiga meza. "Mwendo mmoja! Mwendo mmoja!" Zilipopoa nikazipima moja moja kwenye mizani yangu ndogo ya viungo, zenye uzito sawa zikakaa pamoja. Mwisho akaniambia nilaze kioo mezani, niziviringishe. Inayokwenda moja kwa moja ni nzima. Inayopinda ina tundu la hewa tumboni, na itapinda hivyo hivyo angani. Baba yangu, Mungu amrehemu, hakulijua hilo, ndiyo maana tulikula mboga za majani kwa wingi.

Nilimmiminia chai. Saa mbili zikapita kama mchezo, tunacheka, ananifokea, tunacheka tena. Nilifurahi kama mtu aliyetembelewa na shangazi yake. Alipoinuka akasema, "Mwambie Feng kiwiko chake cha kushoto kinashuka." Akatoka.

Muda si muda Mwanaidi akaingia, safari hii ni yeye kweli, anataka pasi.

"Kaka, ulikuwa unaongea na nani?"

"Na yule mama uliyepishana naye ngazini."

"Sijapishana na mtu. Nimekaa pale ngazini nusu saa naongea na simu, nasikia sauti yako tu, 'ndiyo mama, ndiyo mama'. Nikasema leo kaka wa watu amechanganyikiwa."

Nikatazama sakafu. Nyayo zangu zilikuwa michirizi ya maji kila mahali. Za yule mama zilionekana pia, kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti na kurudi. Zilikuwa kavu. Kila alipokanyaga, vigae vilikauka, katika nyumba ambayo hata kiberiti kilikuwa kimelowa. Kikombe chake kilikuwa kimejaa vile vile. Mwanaidi aliitazama ile sakafu, akanitazama mimi, akaondoka bila pasi.

Jumapili nikaenda na gololi zangu mfukoni. Nilipiga tano, nikapata tano. Dereva alipata tatu, akanipa mkono kiungwana. Mzee Feng akaokota gololi moja, akaigeuzageuza vidoleni. Akanionyesha tu mstari wa timu, nisimame pale. Nilitamani kurukaruka!

Mashindano yakaenda sare sare mpaka mtu wa mwisho, naye ni Mzee Feng mwenyewe. Alikuwa na mapigo kumi. Matatu ya kwanza yakapita chini ya kisahani, yote matatu. Nikatazama kiwiko chake. Kweli kilikuwa kinashuka.

Mngefanya nini nyinyi? Saa moja tu nimeingia kwenye timu, na kwa wazee wale mwanafunzi kumkosoa mwalimu mbele ya wageni ni kujifukuzisha mwenyewe. Nikasema, "Mzee Feng, kiwiko cha kushoto kinashuka."

Akateremsha manati, akanigeukia.

"Nani kakwambia?"

"Mama mmoja. Alikuja kwangu jana nikiyeyusha risasi. Mfupi, suti ya maua, nywele fupi."

"Alisema kwa lugha gani?"

Swali gani hili, nikawaza. "Kimandarini, kama mnavyosema nami nyinyi."

"Mke wangu hakujua Kimandarini hata neno moja," akasema. "Kikantoni tu, lugha ya hapa kwetu, mpaka alipotuacha mwaka juzi. Gololi zetu zote alizimimina yeye."

Na mimi Kikantoni sijui hata kuomba maji! Vinyweleo vilinisimama mwili mzima. Mzee Feng akanisogelea, macho yamemjaa machozi.

"Alikufokea?"

"Sana, mzee. Hakuacha kitu."

Akacheka. Wallahi yule mzee alicheka mpaka akashika magoti, na wenzake wakacheka, na machozi yanawatoka. Akasema tangu mkewe afariki hakuna aliyemwambia kosa lake. Akarudi kwenye mstari, akainua kiwiko, akapiga gololi saba zilizobaki. Zote saba ziligonga bati, tukashinda kwa kisahani kimoja. Nilibebwa juu juu na wazee wa miaka sabini, nikiogopa wasivunjike mgongo.

Tangu siku ile ndiye mimi ninayemimina gololi za klabu nzima. Na kuna jambo jingine, anayetaka aje aone mwenyewe. Jua la Guangzhou la mwezi wa saba linanitoa jasho kichwani mpaka vidoleni, lakini pale kwenye kifundo cha mkono, upana wa vidole vinne, pamebaki pakavu. Mzee Feng tukikutana hanipi kiganja. Ananishika pale pale, halafu ananiuliza habari za kazi.

Sasa wewe unayenisikiliza, unayetaka kwenda kujaribu nyumbani: kausha risasi yako, fungua dirisha, vaa miwani, na usiinamie sufuria. Mimi aliwahi kunishika. Wewe usimtegemee, maana yule mama ni mmoja, na majiko ya jiji hili ni mengi.